Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Mwaka ule stima iligawiwa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: leo upande huu, kesho upande ule. Chuo chetu cha ufundi, nje kidogo ya Bumula, kilikuwa upande usio na bahati. Mashine ya kuranda mbao iliweza kukaa kimya siku nzima, wanafunzi wa useremala wakipiga soga kwenye kivuli cha karakana. Mimi nilifundisha uashi. Uashi hauhitaji stima, kwa hivyo kazi yangu haikusimama, na nadhani ndiyo maana mkuu wa chuo, alipotakiwa atoe mwalimu mmoja wa kwenda kozi, alinitazama mimi.

"Nenda wewe," aliniambia. "Wewe huchoki."

Nilikuwa nimechoka tayari. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mwanamke peke yangu katika idara ile, na magoti yangu yalishaanza kunisuta kwa miaka yote niliyoyakunja juu ya misingi ya watu. Lakini mkubwa akisema nenda, unaenda.

Kozi yenyewe ilihusu sheria mpya za ujenzi. Zile tulizokuwa nazo zilitoka kwa wageni, enzi zao, na watu walitania kwamba zilijali theluji kuliko jua. Hizi mpya zilitaka nyumba isile kuni, makaa wala stima bila sababu. Zilitaka ukuta uchaguliwe kwa kufikiriwa, dirisha lielekezwe kwenye jua au lilikwepe kulingana na mahali, paa liwe na dari. Zilitaka pia fundi awe na cheti cha ufundi wake. Niliyapenda maneno hayo, sitakana. Nilikuwa nimeishi Kitale kwenye nyumba ya serikali na Bungoma kwenye nyumba ya serikali, zote mbili za ramani moja, na katika moja nilitetemeka, katika nyingine nikatokwa jasho. Nilijua walichokuwa wakisema.

Ila sheria hizo zilikuwa bado rasimu. Zitapita karibuni, walituambia wakati wa kufunga. Neno hilo "karibuni" nimeishi nalo miaka mingi sana.

Niliporudi ndipo mjomba aliponijia. Yeye ni ndugu wa mama yangu, anayemfuata kwa kuzaliwa, na ndiye aliyenishikisha mwiko. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na hakuna aliyejua nipelekwe wapi. Yeye akasema, acha huyu msichana anibebee matofali mpaka mjue. Hawakujua, na mimi nikaendelea kubeba, kisha nikaanza kupanga, kisha akaanza kunitukana nikipanga vibaya, ambayo ndiyo dalili ya kukubaliwa. Kwetu mjomba tunamwita khocha, na khocha hadharauliwi.

Alikuwa amejenga nusu ya soko la Myanga, na kanisa pia. Matofali aliyafyatua mwenyewe kando ya mto na kuyachoma kwenye tanuri lake. Sasa alikaa kwenye kiti cha wageni ndani ya nyumba yangu ya mwalimu, kofia juu ya goti, akaeleza kwamba kontrakta wa madarasa ya Bumula amemkataa.

"Ameniuriza cheti," alisema. "Nikamwonyesha kanisa. Si unaliona kutoka barabarani? Akasema, mzee, kanisa harina muhuri."

Nilimuuliza anataka nifanye nini.

"Niandikishe," alisema. "Nitakaa na watoto."

Hivyo ndivyo khocha wangu alivyoketi kwenye darasa langu, dawati la nyuma, kati ya vijana wenye suruali za kushuka. Nilipoingia mlangoni, yeye peke yake ndiye aliyesimama. Nilimsihi asisimame. Aliniambia nyumbani mimi ni mtoto wake, lakini pale ni mwarimu, na mwarimu akiingia watu husimama. Basi kila asubuhi alisimama, na kila asubuhi nilitamani sakafu inifiche.

Nilipofika kwenye somo la matofali ya kubanwa, niliwaambia ukweli kama nilivyofundishwa. Nilisema tanuri moja la matofali humeza miti ambayo ilichukua maisha ya mtu kukua. Nikawaonyesha mashine yetu ya mkono: unatia udongo uliochekechwa, na simiti kidogo, unalala juu ya mpini, na tofali linatoka limebanwa. Halichomwi. Unalifunika kivulini na kulinyunyizia maji siku kadhaa kama unayemuuguza mgonjwa.

Mjomba aliinua mkono. "Mwarimu, tofari bila moto ni udongo tu."

"Lina simiti, mzee. Na limebanwa."

"Umesema ni mgonjwa. Mvua ikija atakufa."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilikuwa nikifikiri kwamba huyu ndiye nitakayebishana naye mwaka mzima, na usiku niende kumpikia.

*

Kazi ya Matisi ilitujia kupitia kanisa. Mkuu wa chuo alikuwa na jamaa Kitale, na huyo jamaa alimjua kanisani mama mmoja mjane, mwenye shamba nje ya mji na ploti pale Matisi, mtaa wa Kitale. Familia yao ilihamia Trans-Nzoia zamani kutoka mkoa wa kati. Alikuwa na safu mbili za vyumba vya mabati, ukuta mabati, paa mabati, na nafasi ya safu ya tatu. Alisikia kuna chuo kinachojenga nyumba zisizokuwa baridi. Makubaliano yalikuwa mepesi: yeye atoe vifaa na chakula cha mchana, sisi tutoe mikono, na wanafunzi wapate mahali pa kujifunzia.

Nilimwuliza siku ya kwanza kwa nini asijenge kama alivyojenga zile nyingine. Aliniongoza hadi kwenye chumba kimoja cha mwisho kilichokuwa na kufuli.

"Hapa alikaa msichana na mtoto wake," alisema. "Ilikuwa ule mwezi wa saba wa baridi mbaya. Akaingiza jiko la makaa ndani, akaziba kila tundu na vitambaa ili mtoto asipigwe na upepo. Asubuhi majirani wakaona mlango haufunguki. Tulivunja. Mwalimu, nilidhani tumetoa maiti mbili."

"Walipona?"

"Walipona. Walirudi kwao." Aliitikisa ile kufuli kama anayehakikisha imefungwa. "Mimi ndio sijapona. Kila nikisikia harufu ya makaa nahesabu milango."

Baada ya hapo sikumwuliza tena kwa nini.

Ploti yake ilikuwa imekaa vibaya kwa mtu anayefuata desturi na vizuri kwa mtu anayefuata jua. Barabara ilipita upande wa magharibi, upande wa Mlima Elgon, na huko ndiko kunakotoka upepo na mvua ya alasiri. Kila mtu Matisi hufungulia mlango wake barabarani. Zile safu mbili za mabati nazo zilifanya hivyo, na mlango ukifunguliwa tu, mlima wote unaingia ndani. Mimi nilichora safu mpya ikiwa karibu na barabara, ukuta mzito bila dirisha ukiielekea, na milango, madirisha na baraza vyote vikitazama mashariki, ndani ya ua, jua la asubuhi liingie mpaka kitandani. Mama aliutazama mchoro, akasema sawa. Tukapiga vigingi, tukafunga kamba.

Kisha niliitwa chuoni kwa ajili ya mitihani. Nilimwacha mjomba asimamie, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na vijana walimwogopa. Niliwaambia wachimbe msingi pale pale kamba ilipo.

Niliporudi nilikuta mtaro umechimbwa vizuri ajabu, kuta zake zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja kama inavyotakiwa. Lakini haukuwa pale. Mjomba alikuwa ameng'oa vigingi vyote na kuipeleka safu nyuma ya ploti, baraza ikitazama barabara.

Nilisimama nikiutazama. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri na sikuwa nimekula. Vijana waliacha kuchimba, wakajifanya wanasafisha sururu.

"Khocha," nilisema, "nani amehamisha kamba?"

"Mimi." Alikuwa amesimama ndani ya mtaro, ukimfika magotini. "Nimekuokoa na aibu. Nyumba haiwezi kuipa barabara mgongo. Ni kama mtu amekasirikia wageni. Hata mwenyewe amekubari, muurize."

Mama alikuwa ametoka na sufuria ya githeri. Aliiweka chini. "Mzee aliniambia wapangaji watakataa," alisema. "Nikaona ni kweli. Duka liko huko, watu wako huko. Nani atataka kukaa akitazama ua?"

Ningeweza kuwaeleza tena yote niliyojifunza. Sikuwa na nguvu hizo. Niliketi juu ya rundo la udongo, nikapokea sahani ya githeri, nikala. Nikamwambia mama tungoje mpaka alasiri, na tusiseme lolote mpaka hapo.

Alasiri wingu lilishuka kutoka mlimani kama kawaida yake. Nilimwomba mama aje tusimame pamoja mahali ambapo mlango wa kwanza ungekuwa, tukielekea barabarani. Upepo ulikuja kwanza. Ulimwinulia kanga na kumjaza mdomo vumbi. Kisha ikaja mvua ya kulala, ile isiyoanguka bali inayotupwa, ikatupiga usoni na kifuani. Alivumilia kidogo.

"Basi," alisema, akinivuta mkono. "Basi, mwalimu. Nimeona. Rudisha kamba."

Ndipo ikanibidi kugeuka na kumwambia mjomba wangu, mbele ya vijana wote, kwamba mtaro ufukiwe. Nilitafuta namna ya kulisema ambayo haingemwumiza, sikuipata. Nilisema tu, "Mzee, tufukie, tuchimbe pale mwanzo."

Alipanda kutoka mtaroni akishika ukingo kwa mikono miwili, akaenda kwenye bomba, akauosha mwiko wake, kisha timazi yake ya kupimia wima wa ukuta, akavifunga kwenye gunia alilokuja nalo. Kijana mmoja alimwambia, "Buda, usiende bana, si ni mtaro tu." Akampita. Alikuwa amelowa mgongo mzima. Alitembea kuelekea stendi bila kugeuka, na mimi nilibaki na kazi ya kufukia, kwa kuwa mvua ilikuwa ikiujaza mtaro maji.

*

Mama yangu alinipigia simu Jumapili. "Umemfanya nini ndugu yangu?" aliuliza. "Amekuja hapa hali, hasemi. Nikimwuliza anasema niende nikamuurize mwarimu."

Nilimweleza.

"Ulikuwa na haki?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda umsalimie. Mwenye haki ndiye hutangulia kusalimia. Huyo mwingine anaona haya."

Sikwenda upesi. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na Matisi, na kusema kweli nilitamani niwe na mtu mmoja duniani ambaye sikuhitaji kumbembeleza. Nilikwenda Myanga wiki mbili baadaye, nikamkuta kando ya mto, kwenye tanuri lake.

Nilijua kabla hajasema. Tanuri lililochomwa vizuri huwa jekundu mpaka juu. Hili lilikuwa jekundu chini, kahawia katikati, na juu lilikuwa na rangi ileile ya udongo wa shambani. Mvua ilikuwa imepita. Matofali ya juu yalikuwa yameanza kulainika na kushikana, na yeye alikuwa akiyapakua moja moja, yale mazima akiyaweka upande, yaliyobaki akiyatupa.

"Kuni ziriisha," alisema bila kuniangalia.

"Hukupata nyingine?"

"Wapi?" Alinyoosha mkono kuonyesha ng'ambo ya mto. "Angaria."

Niliangalia. Nilikuwa nimeipita njia ile maisha yangu yote na sikuwa nimeangalia. Zamani pale palikuwa na miti mikubwa upande wote wa mto, tulikuwa tukiogopa kupita jioni. Sasa ilikuwa miwa na mahindi mpaka macho yanapokoma, na mikaratusi michache myembamba ya mtu, iliyozungushiwa seng'enge.

"Mimi ndiye nimeichoma," alisema. Hakulisema kwa majuto makubwa. Alilisema kama mtu anayetaja shamba alilolima. "Kanisa, maduka, nyumba ya mama yako. Iko kwa kuta zote hizo. Sikukataa tofari lako kwa sababu ni baya, mayi. Nirikuwa naona kama unaniambia nirikuwa nachoma bure."

Mayi kwetu ni mama, neno la upole; nilimwambia sikusema hivyo. Nikainama, tukapakua pamoja. Magoti yaliniuma, na nadhani yake pia, maana kila mara alipoinuka alitoa sauti. Tulipomaliza, yaliyofaa hayangejenga hata choo. Aliyatazama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Huko Kitale mmefika wapi?" aliuliza.

"Chini ya madirisha."

"Na pembe? Nani anashika pembe?"

"Vijana."

"Mungu wangu," alisema, kwa kuwa ukuta wote hufuata pembe, na Jumatatu alikuwa pale, na gunia lake.

*

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nyumba ilipanda. Haikupanda. Wiki ileile afisa wa majengo alipita. Alikuwa kijana mpole, wa viatu safi, akaingia kwenye tope bila kulalamika. Alizigusa kuta, akauliza ni nini. Nilimweleza. Aliendelea kuitikia kwa kichwa, kwa heshima, mpaka nikamaliza.

"Ni kazi nzuri, madam," alisema. "Lakini ninayoruhusiwa kupitisha ni ukuta wa mawe, wa matofali ya kuchoma, au wa bloku za simiti. Huu haupo."

"Kwenye rasimu upo."

"Rasimu si sheria. Siku itakapopita nitakuja mimi mwenyewe kuwapongeza." Alionekana kuona haya kweli. "Naomba msimame kidogo, niulize wakubwa."

Tulisimama. Kidogo kikawa msimu mzima wa mvua. Tulizifunika kuta kwa nailoni na mawe juu yake, na kila nilipopita Kitale nilikwenda kuangalia kama bado zipo. Darasa lile lilihitimu likaondoka. Vijana wengine walipata kazi Eldoret, wengine wakaendesha bodaboda. Darasa jipya likaingia, nikaanza tena na udongo na simiti na mgonjwa wa kunyunyiziwa maji. Wakati mwingine nikiwa ubaoni nilijisikia kama ninayesimulia habari za mtu mwingine.

Mjomba hakuhitimu. Alikuwa ameufanya mtihani wa gredi, ule wa kupewa cheti cha ufundi, na kuanguka. Mtahini alikuwa amepima simiti kati ya tofali na tofali akaikuta nene, hapa hivi, pale vile. Hiyo angeweza kuirekebisha. Kilichomwangusha zaidi ni mchoro. Aliambiwa ausome na aonyeshe mlango uko wapi, akaugeuza huku na huku, mwishowe akaonyesha kidole mahali penye choo.

Nilimfundisha michoro Jumamosi, mezani kwangu. Alikuwa mwepesi nikimwambia kwa mdomo, na mzito nikimpa karatasi, na alikasirika upesi. Nilidhani ni umri. Ni yule mama wa Matisi aliyelitatua, tena bila kukusudia. Tulikuwa tumekwenda kukagua nailoni, mvua ikatuingiza jikoni kwake. Alikuwa akisoma Biblia. Mjomba alikuwa na mchoro, ameushika mbali, mkono umenyooka, anakunja uso. Mama alimtazama juu ya miwani yake.

"Mzee, hebu vaa hii," akasema, akiivua.

Alikataa. Akasema macho yake ni mazima, anaona ng'ombe ng'ambo ya mto na anajua ni wa nani.

"Ng'ombe si karatasi," mama alisema. "Vaa. Hakuna mtu hapa."

Aliivaa. Ilikuwa ya kike, yenye pembe zilizopinda juu. Aliuinamia mchoro kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole. "Kumbe hii ni mistari mbiri," alisema. "Nirikuwa naona mmoja."

Sikucheka. Mama naye hakucheka. Alikwenda kuongeza maji kwenye chai, na nilipogeuka kumsaidia niliona anajifuta macho na kona ya kanga, sijui ni moshi au ni nini.

Afisa alirudi mvua zilipopungua. Wakubwa wake walikuwa wamepata njia katika sheria zile za zamani: kama kuta zitapigwa plasta ya simiti nje na ndani, na juu ya madirisha kumwagwe zege na vyuma kuzunguka nyumba nzima, anaweza kupitisha. Alilileta jambo hilo kama zawadi, na lilikuwa zawadi. Nilimshukuru. Lakini nilipokwenda kuketi kwenye benchi la wapangaji nilitaka kulia. Uzuri wa tofali lile ni kwamba halihitaji plasta. Simiti nayo huchomwa huko inakotoka, tena kwa moto mkubwa. Tulikuwa tumeokoa kuni za mto wa Myanga ili tukateketeze mafuta ya mahali pengine, na kuzificha kuta zetu zisionekane ni zetu.

"Unalia nini?" mjomba aliuliza.

Nilimweleza.

Alifikiri. "Jua litaingia asubuhi?"

"Litaingia."

"Dari tutaweka?"

"Tutaweka."

"Basi wacha wapake poda," alisema. "Bibi harusi pia hupakwa, na ni yuleyule."

Tulipiga plasta. Tukaweka dari za mbao nyembamba, tukaziba pale ambapo mabati hukutana na ukuta, tukaacha tundu za hewa juu, ndogo, ambazo mtu hawezi kuziziba kwa kitambaa bila ngazi. Hizo mama alizisimamia mwenyewe, akihesabu kila chumba. Darasa langu jipya lilimaliza kazi iliyoanzwa na darasa la zamani, na wengi hawakujua kwa nini nyumba ile ilikaa pale msimu mzima ikiwa nusu. Wapangaji wa kwanza walilalamika, kama mjomba alivyotabiri, kwamba hawaoni barabara. Hakuna aliyehama.

Mwezi wa saba uliofuata nilikwenda asubuhi mapema. Kulikuwa na umande mweupe juu ya majani. Kwenye safu za mabati moshi ulitoka kila mlango. Kwenye safu yetu, milango ilikuwa wazi na jua limelala sakafuni, na mwanamke mmoja alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai katikati ya jua lile. Nilimwuliza kama usiku wanaingiza jiko. Alisema tukishapika tunalitoa, hakuna haja. Jirani yake akasema yeye huingiza, ameshazoea. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, aliingia kwa huyo jirani na kuanza kumfokea kwa lugha ya kwao, nami nikawaacha.

Zile safu mbili za mabati hakuzibadilisha. Aliniambia nguvu zimemwisha, labda watoto wake waje kuzibadilisha.

Mjomba alirudia mtihani akapita, gredi ya tatu, ile ya chini, ya vijana wa miaka kumi na nane. Alikuwa amenunua miwani yake sokoni Bungoma. Kontrakta wa madarasa ya Bumula alishamaliza na kuondoka. Mjomba alipata kazi nyingine muda mfupi, kwenye nyumba za walimu, akawa anashika pembe, mpaka mgongo ukamkatalia. Akarudi nyumbani kulima.

Miaka hiyo niliitwa mara nyingi kutoa maoni juu ya zile sheria mpya. Mahali ni tofauti, chai ni ileile. Kila mara kulikuwa na nakala mpya ya rasimu, maneno yamehamishwa hapa na pale, na kila mara mtu fulani alitufungia mkutano kwa neno lilelile, "karibuni". Nilitoa maoni. Nilieleza habari za dirisha na upepo wa mlima, na watu waliitikia kwa vichwa, na niliporudi niliwakuta wanafunzi wananingoja, na udongo wa kuchekecha.

Likizo moja nilikwenda kwa mama yangu nikamkuta mjomba, wanapukuchua mahindi ya mbegu. Nilivuta kigoda nikajiunga nao. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, vikaanza kuchubuka upesi, na mjomba akanirushia gunzi nitumie kusugulia.

"Mkutano ulikuwaje?" aliuliza.

"Mzuri."

"Zimepita?"

"Bado, khocha."

Alipukuchua hindi zima kabla hajasema tena. Mama alisema tusogee, kuku wanafikia ungo.

"Na wewe unaendelea kufundisha tu."

"Naendelea."

"Hm," alisema. Aliniangalia juu ya miwani yake, kisha akanisukumia rundo la mahindi upande wangu, kubwa kuliko lake, na tukaendelea.